Siku moja maishani mwangu: kadi ya michoro yenye gigabaiti 24

Saa mbili asubuhi nilifika katika ofisi ya mawakili, Dar es Salaam, nikiwa nimebeba kadi ya michoro ya RTX 3090. Wanahitaji modeli ya lugha, yaani akili bandia inayosoma na kuandika, iendeshwe kwenye kadi hiyo na kuwafupishia majalada marefu, ila kwa sharti kwamba karatasi za wateja zisitoke nje ya jengo. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo wamelitilia mkazo zaidi, nami nakubaliana nao kabisa.

Saa tatu kadi ilikuwa imekaa mahali pake, lakini kompyuta haikuitambua. Kadi hii hula hadi wati 350, kwa hiyo nilianza kwa kukagua umeme na kuukuta uko sawa. Tatizo lilikuwa kwenye draiva, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi: mfumo ulikataa kuipakia kwa kuwa ulinzi wa kuwasha kompyuta (Secure Boot) haukuutambua ufunguo uliotumika kuitia sahihi. Niliwasha upya, nikausajili ufunguo kwenye skrini ya buluu inayotokea kwa sekunde chache tu, na nvidia-smi, amri ya kukagua kadi, ikanionyesha kadi pamoja na gigabaiti zake 24.

Kuanzia saa tano nilisakinisha vLLM, programu ya kuendeshea modeli za lugha iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2023. Niliiweka katika mazingira yake ya Python yasiyochanganyika na programu nyingine. Wengi huhangaika kwanza kusakinisha CUDA nzima, yaani zana za NVIDIA za kukokotolea kwenye kadi, ilhali maktaba zinazohitajika huja pamoja na programu yenyewe; kinachotakiwa kwenye mashine ni draiva isiyo ya zamani mno.

Modeli niliyoichagua, Llama 3.1 ya kampuni ya Meta yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 8, ina uzito wa gigabaiti 16 hivi. Ilipokuwa ikipakuliwa nilikwenda kula.

Saa nane niliiwasha, ikaisoma modeli yote, kisha ikazima na ujumbe kwamba mazungumzo yenye urefu wa tokeni 131,072 (tokeni ni neno au kipande cha neno) hayaenei katika kumbukumbu iliyobaki kwenye kadi. Hapa ndipo penye kiini cha kazi hii. Kwa kila tokeni inayopita, modeli hutunza kumbukumbu ya kilobaiti 128, ili isilazimike kuyakokotoa upya maneno yaliyotangulia. Ukizidisha kwa urefu wake wote, mazungumzo ya mtu mmoja tu yanafikia gigabaiti 16. Programu ilijitengea asilimia 90 ya kumbukumbu ya kadi, modeli yenyewe ikachukua sehemu kubwa ya hiyo, na zikabaki gigabaiti tano hivi. Niliuwekea urefu kikomo cha tokeni 16,384, ambazo ni gigabaiti mbili kwa ombi lililojaa kabisa. Maombi mengi hayafiki huko, na uzuri wa vLLM ni kwamba haimtengei mtu nafasi yote tangu mwanzo, bali humgawia vipande vya tokeni 16 kadiri anavyoendelea, hivyo mawakili kadhaa wanaweza kuitumia kwa wakati mmoja. Nilipenda kuliona hilo likifanya kazi mbele ya macho yangu.

Saa kumi programu ilikuwa ikisubiri maombi kwenye poti 8000, yaani mlango wake wa mtandao. Niliiwekea ufunguo wa siri na kufunga njia zote isipokuwa zile za kompyuta za ofisini, kisha wakili mkuu akaketi na kuuliza swali lake la kwanza kuhusu hukumu ya kurasa tisa.

“Mwanangu, jibu hili halijapitia nje kweli?”

“Halijatoka, Mzee. Nitakuonyesha.”

Nilichomoa waya wa intaneti ukutani, nikamwomba aulize tena. Sentensi zilianza kujipanga kwenye skrini, huku feni za kadi zikivuma chini ya meza. Akavaa miwani, akafungua jalada, akaanza kulinganisha muhtasari na hukumu yenyewe, aya kwa aya, na penye tarehe iliyokosewa akaweka alama kwa kalamu nyekundu.