Kuendesha gari lililozimwa

Mwaka 2013 nilikuwa konda wa Kosta, daladala ya Mwenge–Posta, Dar es Salaam. Leseni ya kubeba abiria nilikuwa nayo mfukoni, kozi nimeshamaliza pale chuo cha usafirishaji Mabibo. Kilichokosekana ni mtu wa kunipa gari. Hakuna tajiri anayemkabidhi konda Kosta yake kwa sababu tu konda ana karatasi.

Mshikaji niliyepanga naye chumba Sinza alikuwa ametoka kwenye semina ya ujasiriamali, akarudi na fundisho kwamba unachokitaka lazima ukione kila ukifumbua macho. Akabandika ukutani picha ya Land Cruiser jeupe, na mimi akanibandikia basi. Sikukataa. Usiku nililitazama hadi nikasinzia, najiona nimevaa miwani ya jua, mkono mmoja dirishani, watu wananiita suka, yaani dereva. Raha niliipata, sitadanganya. Asubuhi nikarudi mlangoni kugonga bodi na kudai nauli, hata hamu ya usukani imepungua, kama mtu aliyeshiba harufu ya pilau ya jirani.

Mzee, dereva wangu, alikuwa na utaratibu mwingine. Jioni, nikishafagia gari, ananiketisha kwenye siti yake, injini imezimwa, ufunguo anao yeye.

"Fumba macho. Toka Mwenge."

"Nimetoka, Mzee. Niko Sayansi."

"Umefikaje Sayansi na gia hujaingiza? Rudi."

Narudi. Klachi, namba moja, kioo cha kulia, bodaboda anapita, mwache apite, sasa toka. Siku hizo Mwenge hadi Morocco barabara ilikuwa bado nyembamba, na Mzee aliijua kila shimo. Nikifika Makumbusho ananiletea bibi mwenye ndoo ya samaki: konda kashapiga bodi twende, bibi mguu mmoja bado uko ndani. Unamwamini nani, konda au kioo? Kioo, Mzee. (Konda mwenyewe ni mimi, ila hilo halikumsumbua.) Hata siku moja hakuniuliza nitajisikiaje nikifika Posta.

Swali lake gumu kuliko yote lilikuwa la mvua. "Abiria wamefunga madirisha, wanapumua, kioo cha mbele chote ukungu. Huoni kitu. Unafanya nini?"

"Nasimama."

"Na lori lililo nyuma yako?"

Tukalirudia hilo mpaka nikachoka naye. Mguu unatoka kwenye mafuta taratibu, taa zinawashwa, dirisha langu linafunguliwa hata kama nitalowa, konda anapangusa kioo, na jicho linashika ukingo wa barabara kushoto. Ukifuata taa za gari la mbele, alisema, likiingia mtaroni mtaingia wote.

Masika ya mwaka ule Mzee akaamka na homa. Alimpigia tajiri yeye mwenyewe: "Mpe dogo." Ndivyo nilivyopata deiwaka yangu ya kwanza, yaani siku ya kushika usukani wa mwenzangu, na kijana mwingine akashika mlango wangu.

Mwenge hadi Morocco sikumbuki chochote cha kusimulia. Tulipoiacha Namanga, mvua ikamwagika, madirisha yakafungwa pa-pa-pa, na kabla hatujafika daraja la Salenda kioo kikawa cheupe. Daraja la Tanzanite halikuwepo, lilikuja kufunguliwa 2022; wote tulibanana kwenye lile la zamani. Mama mmoja nyuma akaanza kumwita Mungu. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshafika dirishani. Maji yakanipiga bega, nikamwambia konda "pangusa", nikaushika ule ukingo wa kushoto. Uoga nilikuwa nao, lakini mikono na miguu ilikuwa na kazi yake.

Miaka baadaye, nikiwa kwenye foleni ya mafuta, nilisoma habari za Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani. Kocha wake, Bob Bowman, alimzoesha kuogelea shindano zima kichwani, pamoja na mambo yatakayoharibika. Beijing 2008, kwenye mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani yake ilijaa maji. Akahesabu mapigo ya mikono hadi ukutani: dhahabu, na rekodi ya dunia ya 1:52.03. Nilicheka peke yangu. Mzee wetu wa Mwenge hakuwahi kumsikia Bowman.

Na lile basi la ukutani nalo lina wataalamu wake. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor, huko California, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wanakaribia mtihani. Waliojiona wakikaa kusoma walifanya vizuri kuliko waliojiona wameshapata alama ya juu. Nilimtumia mshikaji wangu habari hiyo. Alinijibu kwa picha ya Land Cruiser nyingine, ya mwaka mpya zaidi.

Jioni ya deiwaka ile ya kwanza nilimpelekea tajiri hesabu pungufu, foleni ya mvua ilikuwa imetula. Tajiri akahesabu noti mara mbili, akazunguka gari akikagua bodi, hakuona mkwaruzo.

"Kesho uje," akasema. "Ila hesabu ifike."

Sijavua hata shati lililolowa, Mzee akapiga simu, sauti inakwaruza kwa homa. Hakusema hongera wala pole.

"Kaa chini. Toka Posta, unarudi Mwenge. Konda wako mpya ni mzembe, na trafiki amesimama Palm Beach. Haya."