Faili la mhadhiri anayewania tuzo ya ufundishaji

Wahadhiri wengi hapa Nairobi wakisikia tuzo ya ufundishaji hukimbilia vyeti vya warsha. Cheti kinaonyesha ulihudhuria, basi. Jopo linataka kujua mwanafunzi alibadilika vipi.

Chukua tatizo moja la kozi moja. Tuseme takwimu za mwaka wa kwanza, wanafunzi 240, na kila mtihani wanakwama kwenye swali lilelile. Weka swali lenyewe na majibu matatu (zuri, la wastani, bovu) bila majina wala namba za usajili. Fuatisha zoezi ulilobuni, kisha majibu ya kundi lililofuata kwa swali la ugumu uleule. Ukilegeza swali, ulinganisho umekufa, na mzee wa jopo aliyesahihisha karatasi miaka mingi atakunasa.

Fomu za tathmini zina mtego wake. Wastani wa 4.6 kati ya 5 uliotoka kwa wanafunzi 18 kati ya hao 240 hausemi kitu, kwa hiyo taja idadi ya waliojibu. Kusanya maoni pia wiki ya 6, wakati bado unaweza kurekebisha. Wiki ya mwisho watu wamechoka, na wengine wanalipiza alama za CAT (majaribio ya katikati ya muhula).

Anayetaka utambuzi wa nje anaweza kuangalia ushirika (fellowship) wa Advance HE, shirika la elimu ya juu la Uingereza, wenye ngazi 4. Hapo pia, orodha ya kozi ulizofundisha haitoshi: eleza kwa nini ulichagua mbinu hiyo na ushahidi uko wapi.