Mpango wa kumpeleka Mama Gaborone

Mama alisema hapandi ndege, na neno lake halina rufaa. Dada yetu alikuwa amejifungua Gaborone, Botswana, mtoto aliyesubiriwa hadi watu wakachoka kuuliza, na Mama alikuwa ameshaanza kusaga ulezi wa uji wa mzazi. Kaka akasema basi tutakwenda kwa gari. Tukacheka wote, isipokuwa Mama.

Ilikuwa 2022. Kaka ana Noah, na ni mtu ambaye akishika jambo hata usingizi haumpati. Haukupita muda alikuwa na mpango mzima kwenye simu: siku ya kwanza Dar hadi Tunduma, ya pili Lusaka, ya tatu Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, ya nne tunalala Gaborone. Kilomita kama 3,400 hivi. Mimi nikapewa daftari na ukatibu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Makaratasi ndiyo yaliyotukalia kooni. Kaka alinunua gari kwa mkopo, kwa hiyo kadi halisi ya gari ilikuwa benki, na huwezi kuvuka na gari ambalo kadi yake inataja mwingine bila barua ya kukuruhusu. Barua hiyo aliifuata mpaka walinzi wa benki wakawa wanamsalimia kwa jina. Pasipoti ya Mama nayo ilidai kiapo cha kuzaliwa, maana alizaliwa nyumbani Njombe na hakuna aliyeandika popote. Bima ilikuwa rahisi kidogo: Tanzania ilijitoa COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini ile kadi ya njano ya bima bado inapatikana hapa na Zambia wanaikubali. Botswana haimo, huko unalipia mpakani. Nikaandika pia malipo ya Nakonde, upande wa Zambia ukishavuka Tunduma: kodi ya hewa chafu ya gari, ushuru wa barabara, ushuru wa halmashauri. Pembeni nikaandika "foleni".

Jumapili moja jioni Mama akamwalika jirani yetu wa Kimara, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Alikuja na kofia yake, akakaa, tukamwamkia.

"Marahaba. Nasikia mnakwenda Botswana na ki-Noah."

Kaka akamwonyesha simu. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akamrudishia.

"Dar Tunduma siku moja? Unamkimbia nani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kilomita kama hamsini, kuna matuta, na ukimgonga mnyama unalipia. Mlima Kitonga, lori moja likifia kwenye kona mnaweza kupika chai mkanywa na vikombe mkaosha. Vijijini mwendo ni hamsini, na askari wa tochi wamejificha chini ya mwembe. "Mtalala Makambako," akasema. Mama akatikisa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Makambako ndiko anakokaa mdogo wake. Mpaka leo nashuku wale wawili walikuwa wameshazungumza.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita elfu moja, na sehemu kubwa ni pori. Mzee alitaka tulale Mpika. Jua likizama usiendeshe, alisema, malori yaliyoharibika yanaachwa barabarani bila taa, na ukikuta matawi ya miti yametupwa kwenye lami jua kuna kitu mbele. Halafu fedha: msibadilishe kwa vijana wa Tunduma bila kuangalia noti moja moja, maana Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013 na noti za zamani zilikuwa hazijaisha mifukoni mwa watu. Nikaandika yote. Kaka alikuwa kimya, akifuta siku kwenye simu na kuzipanga upya.

Nikamuuliza Mzee alianza lini njia hiyo. Alianza akiwa utingo, kijana mdogo, baada ya Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wake mwaka 1965 na mafuta ya Zambia kukosa pa kupitia. Bomba la kutoka Dar lilikuwa bado, lilikuja 1968. Mafuta yalikwenda kwa mapipa juu ya malori, yakirudi yanabeba shaba, na barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Usiku walilala chini ya lori, akasema, ila si pale Mikumi. Pale walilala juu ya mapipa.

Kaka, ambaye nadhani alitaka kushinda angalau pointi moja, akamwambia kwamba Kazungula siku hizi kuna daraja. Mzee aliijua Kazungula ya pantoni. Miaka yake ya mwisho ya kazi alipeleka mizigo kusini, na foleni ya malori ukingoni mwa Zambezi aliieleza kama mtaa: wapika chakula, wauza vocha, watu wakifahamiana kwa majina kwa kukaa siku kadhaa wakisubiri zamu. Daraja lilifunguliwa Mei 2021, yeye ameshastaafu. Kaka akamtafutia picha. Safari hii Mzee hakuirudisha simu upesi.

"Mbona limepinda?"

Kaka akaeleza: mita 923, limepindishwa makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe, kwa kuwa pale nchi nne zinakaribiana sana, na katikati wameweka nafasi ya reli. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili, akitafuta mahali pantoni ilipokuwa ikitia nanga. Hakupaona. "Kwa hiyo mtu anapita tu," akasema, akanywa chai yake ambayo ilikuwa imeshapoa.

Baada ya hapo ikawa zamu ya Mama, na orodha yake ya mizigo niliyoiandika kurasa mbili. Unga wa ulezi, pilipili manga, dagaa, nyama ya kukausha, samli lita tano. Mzee akacheka. Botswana wanauza nyama ya ng'ombe hadi Ulaya na wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo kuliko wezi. Kuna uzio wa mifugo nchi nzima na vizuizi ambako mnashushwa, mnakanyaga dawa kwa viatu, gari linapekuliwa. Nyama na samli vitaishia kwenye pipa la kuchomea taka.

"Samli yangu waichome?"

"Mbele ya macho yako, mama."

Mama aliipigania ile samli kuliko alivyoipigania pasipoti. Akapendekeza kuitia kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Kaka akasema yeye hafungwi Botswana kwa ajili ya samli. Nikaikata kwa mstari, Mama akageuza uso.

Mwisho nikasoma mpango upya: Makambako, Mpika, Lusaka, Livingstone, kisha Francistown, tena mchana tu, maana kati ya Kazungula na Nata tembo huvuka barabara wanapotaka, halafu Gaborone. Siku sita. Kaka akahesabu likizo yake ya wiki mbili, akashika kichwa.

"Sita kwenda, sita kurudi. Mama, tutakaa na mtoto siku mbili!"

"Nyinyi," Mama akasema. "Mimi nakaa mpaka arobaini ipite."

"Sasa utarudi na nani?"

"Mtakuja kunichukua. Njia si mtakuwa mmeshaijua?"

Mzee akavaa kofia yake, akaaga.