Simu haijanichuria

Saa sita kasoro usiku, na lile neno bado linanizunguka kichwani. Nimepiga pasi sare za watoto za wiki nzima, nimejilaza, nimeinuka. Afadhali niandike.

Mnamkumbuka Mama Salma wa Goba, mwenye nyumba ya mteremkoni niliyewasimulia kabla ya Ramadhani, yule ambaye siondoki kwake bila kufungiwa chapati. Jumanne nilimpelekea mchoro wa sebule. Nyumba imeshaezekwa ila plasta ya ndani haijaisha, kwa hiyo tulikaa juu ya mifuko ya simenti, nikafungua daftari na kuuliza ninayowauliza wateja wote. Nani anaamka wa kwanza humu ndani? Nani anapika, na anapenda apike peke yake au huku anaongea na watu? Wakwe wakija wanalala wapi? Alinijibu yote kwa raha, maana mtu ukimuuliza habari za nyumba yake hukusimulia na za mji aliotoka. Nikafika kwenye swali ambalo sijaliruka kwa mteja yeyote tangu mwaka jana.

"Mama, siku ya msiba haya makochi tutayatolea wapi? Mlango wa mbele ni mpana, lakini kwenye hii kona ya korido kochi la watu watatu halikati."

Akanyamaza. Akajifunga khanga yake upya. Halafu akatoa simu kwenye mkoba, akaifuta kioo kwa pindo la khanga, akanipa.

"Tazama, mwanangu. Salma kaniwekea programu humu. Nimepiga picha huu ukuta ulivyo, nikaandika nataka sebule ya kisasa. Dakika moja. Haijaniuliza swali hata moja."

Nikasema ni picha nzuri. Kweli ilikuwa nzuri.

"Wala haijanichuria," akasema.

"Nisamehe, mama, sikukusudia hivyo."

"Najua hukukusudia. Lakini simu haijanichuria."

Basi. Akanimiminia chai, akanifungia chapati zangu, tukaongea habari za fundi Chande na ile bomba inayovuja. Tangu siku hiyo Baba Nuru amepata barua ya uhamisho wa Dodoma, wifi amejifungua mapacha Muhimbili, wenye jengo la ofisi yetu ya Sinza wametutaka tuhame mwisho wa mwezi, na mimi bado niko palepale juu ya mfuko wa simenti, nasema nisamehe mama, sikukusudia hivyo.

Ile picha naiona nikifumba macho. Makochi ya rangi ya mchanga, ukuta wa vijiti vya mbao vilivyopangwa wima, mkanda wa taa uliofichwa ndani ya jipsamu, na upande mmoja kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, bila hata nondo. Upande huo ni wa magharibi. Aliyewahi kuishi Dar anajua jua la saa tisa mchana mwezi wa Februari lilivyo, kaskazi yenyewe imechoka, bati linalia. Kioo kama kile kisipokuwa na kibaraza wala paa la kukitangulia, sebule inakuwa tanuri. Wataweka viyoyozi viwili, watashusha mapazia mazito mchana kutwa, na ule mwanga walioununulia kioo hawatauona. Upepo wa Kusi unapanda ule mteremko kutoka upande wa bahari, unakuja wenyewe hadi ukuta wa jikoni, na ukuta wa jikoni kwenye picha hauna dirisha hata moja. Ningeweza kumweleza hayo yote Jumanne. Ni hesabu, hayamuumizi mtu. Lakini sikuyasema, kwa sababu nilichoumia si kioo.

Sijawahi kuandika hapa kwa nini nauliza habari za msiba. Niliandika tu kwamba baba mdogo amefariki, mkaniombea, nawashukuru.

Baba mdogo aliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo sitalitaja. Nyumba nzuri, vigae vinang'aa, jiko la wazi, kochi la kona limejengewa ukutani pamoja na kabati la televisheni. Siku ile tulitaka kutoa samani ili watandike mikeka, kama inavyofanywa kila mahali, na hakukuwa na cha kutoa. Kila kitu kilikuwa kimefungwa ukutani. Wanawake walienea kwenye ngazi, wamekalia khanga zao, kutoka ghorofa ya nne hadi ya pili, na majirani wakawa wanapanda kwa kuomba radhi kila kidato. Chumba cha kuoshea kilikuwa choo chenye nafasi ya mtu na nusu. Waoshaji wawili walisimama mlangoni wakipokezana ndoo. Halafu jeneza halikukata kona ya ngazi. Likabaki chini, na baba mdogo akashushwa ndani ya shuka na vijana sita, wanasimama kila ghorofa kupumzisha mikono.

Mama mdogo alinishika mkono akaniuliza, "Mbona wanambeba kama mzigo?"

Aliniuliza mimi. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa nyumba, ndiye waliyemsomesha Chuo cha Ardhi, ndiye anayeulizwa rangi ya geti na kimo cha sinki. Sikuwa na jibu. Sikulichora jengo lile, lakini nimeshachora makochi ya kujengewa ukutani hata sijui mangapi, na wateja walinisifu.

Ndiyo sababu nauliza. Nilipaswa kumwambia Mama Salma haya. Badala yake nikasema nisamehe.

Nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vitatu huku, vitatu kule, uani nyuma, kibaraza mbele. Siku babu alipofariki wanaume walikaa kibarazani na barabarani chini ya turubai, wanawake wakajaa korido na uani, sufuria zikapangwa kando ya karo, kitanda cha bibi kikatolewa kwa dakika moja na kurudishwa jioni. Nyumba ilijua la kufanya. Hata arusi ikija inajifungua vilevile. Hakuna msanifu aliyeweka saini yake pale, lakini kila aliyeipanga alishawahi kukaa chini kwenye msiba wa mtu.

Mji haurudi huko, nami siombi urudi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar zaidi ya watu milioni 5.3, na mahali pa kuwaweka ni juu. Zile kota za Magomeni tulizokuwa tunapita kwenda madrasa zilivunjwa, na kaya 644 zikapata nyumba za ghorofa hapohapo, zikafunguliwa mwaka huo wa 2022. Mtoto anayezaliwa leo Dar, kama hawa mapacha wa wifi, huenda uani ataujua kwa kusimuliwa. Basi uani uende wapi? Sakafu moja katika kila jengo iachwe wazi kwa arusi na misiba? Ngazi ziwe na upana gani? Haya ndiyo ningependa tugombane nayo kwenye vikao vyetu, na tunagombana kuhusu rangi ya mwaka.

Vijana wa ofisini wananiuliza kila wiki kama akili unde (AI), kama ile ya kwenye simu ya Mama Salma, itatumaliza. Siwadanganyi. Kuchora picha ya sebule kutakuwa bure, kwa kweli kumeshakuwa bure. Mwezi uliopita mimi mwenyewe niliitumia kumwonyesha mteja mapazia ya rangi tatu, na kazi ya siku mbili ikaisha kabla chai haijapoa. Kuta nazo zinakuja. Malawi mwaka 2021 walisimamisha kuta za darasa kwa mashine inayomimina zege, kwa saa 18. Siichukii hata moja.

Lakini ninapowaza kesho ya kazi hii huwa namuona marehemu msanifu Beda Amuli na Soko la Kariakoo. Ile miavuli ya zege aliyoiinua miaka ya 1970 inatoa kivuli, inaacha upepo upite kati yake, na mvua ikinyesha inayakusanya maji na kuyapeleka kwenye matangi ya chini. Kabla ya kuchora alijiuliza jua liko wapi, maji yataenda wapi, muuza mchicha atasimama wapi. Soko lilipoungua Julai 2021 nililia kama nimefiwa, Baba Nuru ni shahidi. Tena kuna Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyesoma utotoni katika darasa la kubana lenye joto, akaja kukijengea kijiji chake cha Gando shule ya matofali ya udongo, bati limenyanyuliwa juu ya dari ili joto litoke. Ilikamilika 2001. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Nadhani lile joto la utotoni lilimkaa mwilini. Simu ya Mama Salma haijawahi kutoka jasho.

Nimeandika sentensi hiyo nikaona naanza kumsimanga, na sitaki. Nimekumbuka kwamba mama yake mzazi amefariki mwaka juzi, ndiye aliyemwachia pesa za kumalizia paa. Alishawahi kuniambia, na mimi nikalisahau nilipofungua daftari. Huenda nililitia swali langu kwenye kidonda ambacho hakijafunga.

Alhamisi jioni umeme ulikuwepo, foleni ya Ubungo ilikuwa ya kawaida, mwanangu Idrisa akanikuta mezani natazama karatasi. Akaniuliza nina nini, nikamsimulia. Akasema tuiulize hiyo programu yenyewe. Tukaandika kwa Kiswahili kabisa: sebule ya Dar es Salaam inayoweza kuondolewa samani na kukalisha wanawake hamsini juu ya mikeka. Ikatupa ukumbi wenye viti vyeupe vilivyopangwa mistari, mishumaa, na maua makubwa mbele. Idrisa akasema hapa ni kwa nani huku? Tukaandika tena, tukaondoa viti, tukaweka mikeka. Safari hii ikachora mikeka mizuri sana ya ukili, na wanawake wamekaa.

Mwanangu akaisogelea simu. Akatazama kwa muda.

"Mama, viatu vyao viko wapi?"

Jamani. Miaka kumi na minne nafanya kazi hii. Nimeuliza habari za makochi, za maji, za jeneza, na sijawahi hata siku moja kuuliza viatu vya watu hamsini vinawekwa wapi. Vinarundikwa mlangoni, wazee wanavikwaa, mvua ikinyesha vinaloa, watu wanaondoka na ndala za wenzao, na sote tumeyazoea hayo kama mvua za masika. Nikavuta karatasi. Tukachora kibaraza cha Mama Salma upya: baraza ya kukalia, imetobolewa chini safu mbili, tofali moja urefu, viatu vinaingia chini ya aliyekaa. Siku za kawaida watoto wataweka mipira na mabegi ya shule. Kibaraza kinasogea hadi kinafunika ule upande wa magharibi, kwa hiyo kioo chake anaweza kubaki nacho, chote, kutoka sakafuni hadi darini, kikiwa kivulini. Kona ya korido tukaikata mshazari. Idrisa alipima kwa rula, akawa ananisomea namba. Tulikaa mpaka saa nne, na sikulikumbuka lile neno hata mara moja.

Mchoro umebanwa jokofuni kwa sumaku. Sijui kama nitampelekea nikamweleza kona ile ni ya nini, au nitasema tu ni ya kupitishia kochi. Leo mchana amenitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama geti jeusi halitashika kutu haraka kwa chumvi ya bahari. Sauti yake ya kawaida kabisa, na mwishoni akasema, "Haya mwanangu, salimia nyumbani." Nimeusikiliza mara tano.

Nilitaka kulala sasa, lakini nimepita chumbani kwa watoto. Nuru yuko macho, kajifunika mpaka kidevuni. Anasema Jumatatu hataki kwenda shule. Nimemuuliza kama anaumwa, kasema haumwi. Nimemuuliza kama kuna mtu kamkosea, kasema hakuna. Ameniuliza tu Dodoma ni mbali kiasi gani kwa basi, na barua ya baba yake hatujamwonyesha.