Jumatatu ya Nta: Mgeni wa Norwei na Michezo ya Wenyeji

Anayehamia Norwei kutoka Dar, Mombasa au Bujumbura huja na kalenda yake ya michezo kichwani. Agosti ligi ya Uingereza inafunguliwa, AFCON ikifika watu hawalali, na siku ya Simba na Yanga hakuna anayepokea simu. Akifika Oslo au Trondheim mwezi wa kumi na moja, anakuta wenyeji wanafuata kalenda nyingine kabisa. Kila Jumamosi na Jumapili, hadi Machi iishe, televisheni inaonyesha watu waliovaa nguo za kubana wakifukuzana msituni juu ya skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Jumatatu, kwenye kahawa ya kazini, wenzako wanabishana kuhusu nta ya kupaka chini ya skii. Ndiyo, nta. Usipoielewa mada hiyo, utakunywa kahawa yako kimya mpaka Pasaka.

Kwanza tenganisha majina, maana kwa macho ya mgeni yote ni "skii". Langrenn ni mbio za masafa. Hopp ni kuruka kutoka kwenye mnara. Skiskyting ni mbio pamoja na bunduki, na kwa maoni yangu mgeni aanze na huu. Mkimbiaji anafika kwenye uwanja wa shabaha mapigo ya moyo yakiwa juu, anapiga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50, mara amelala, mara amesimama. Akikosa moja, katika mbio nyingi anazunguka kitanzi cha adhabu cha mita 150. Katika zile ndefu za mtu mmoja mmoja, kila kosa kwa kawaida huongezewa dakika nzima. Ndiyo maana anayeongoza kwa sekunde 30 anaweza kuporomoka hadi nafasi ya kumi kabla hujamaliza kikombe chako. Langrenn inahitaji uvumilivu zaidi, hasa ile ya kilomita 50.

Sasa nta. Katika mtindo wa zamani wa langrenn, ule wa kutembeza miguu ndani ya mifereji miwili, skii ina kazi mbili zinazopingana: iteleze mbele, na ishike theluji unapojisukuma. Ncha ya mbele na ya nyuma hupakwa nta ya kuteleza. Katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta ya kushika, na hiyo huchaguliwa kwa kuangalia kipimajoto: buluu kwa baridi kavu, zambarau karibu na sifuri, na kwa barafu ngumu au theluji iliyoyeyuka ikaganda tena hutumika klister, uji unaonata kuliko ulimbo. Shida kubwa ni theluji mpya inayoanguka nyuzi zikiwa sifuri kamili. Nta ikiwa laini kidogo, theluji inaganda chini ya skii na mtu anatembea kama amevaa viatu vya matope. Ikiwa ngumu kidogo, kila hatua anarudi nyuma. Timu ya taifa ina mafundi wa kazi hiyo tu, na wakikosea, taifa zima linawalaumu kama sisi tunavyomlaumu kocha aliyemweka benchi mshambuliaji.

Ukitaka kupima uzito wa jambo hili, kumbuka Machi 2025. Trondheim iliandaa mashindano ya dunia ya skii, na Johannes Høsflot Klæbo, Mnorwei wa langrenn, akatwaa dhahabu sita katika mbio sita. Ilitosha kuwa sikukuu ya mwaka. Lakini siku moja kabla ya kufunga, ikagundulika kwamba nguo za warukaji wa Norwei zilikuwa zimeshonwa kinyume cha kanuni. Nguo ikishikilia hewa zaidi, hasa eneo la mapajani, mrukaji anaelea mbali zaidi. Warukaji wakafutiwa matokeo, shirikisho likaomba radhi hadharani, na wiki kadhaa habari kuu nchini ilikuwa mshono. Kwetu habari hiyo ingepata mistari minne ukurasa wa mwisho.

Mapenzi haya yanatokana na miguu yao wenyewe. Ni taifa la watu milioni tano na nusu hivi, lililorudi kutoka Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022 na medali 37, 16 kati yake dhahabu. Lakini anayetazama Jumapili hiyo alikuwa msituni Jumamosi. Amewahi kukosea nta. Anajua mlima ule unavyouma. Machi maelfu yao hushiriki Birkebeinerrennet, mbio za skii za kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, kila mmoja na begi la kilo 3.5 mgongoni, wengi wao wakiwa wahasibu na walimu.

Usidhani lakini kwamba Ulaya ya kaskazini yote ni hivyo. Denmark haina milima wala theluji ya kutegemewa. Huko Januari ni ya mpira wa mikono wa wanaume, na timu yao imechukua ubingwa wa dunia mara nne mfululizo: 2019, 2021, 2023 na 2025. Ufini moyo uko kwenye magongo ya barafuni, na mashindano ya dunia ya mchezo huo huwa Mei. Uswidi wanagawana, barafu na skii. Norwei yenyewe ina Desemba yake ya mpira wa mikono wa wanawake, timu iliyochukua dhahabu ya Olimpiki 2008, 2012 na 2024. Siku hizo usishangae mzee wa jirani anakuuliza matokeo kwenye lifti, hata kama hajawahi kukusalimia tangu Agosti.

Hata tukio moja husomwa kwa macho tofauti. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kwetu ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, watu wamelia. Kwa Mjerumani ni habari ya fedha iliyouma. Kwa Mnorwei wa kawaida ni mstari unaopita chini ya skrini, kwa sababu yeye anawasubiri wakimbiaji wa kwao, Warholm na Ingebrigtsen. Riadha wanaipenda hasa kwa usiku mmoja wa Juni, pale Bislett mjini Oslo, na uwanja huo una alama za Wakenya: Henry Rono alivunja pale rekodi ya mita 3,000 mwaka 1978, na Yobes Ondieki mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27.

Kama unatoka Kenya, una kadi nyingine mkononi: Philip Boit. Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano 1998, langrenn ya kilomita 10, alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie, bingwa wa mbio hizo, alikataa kuondoka, akamngoja kwenye mstari na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina Dæhlie. Mnorwei aliyevuka miaka 40 ukimtajia hilo, barafu inayeyuka bila klister.

Tuje kwenye shughuli. Ukiwa na mtoto shuleni, majira ya baridi utaletewa ujumbe kwamba kesho ni siku ya skii, alete vifaa vyake. Usikimbilie dukani. Manispaa nyingi zina kituo cha BUA, ambacho huazimisha vifaa bure, kwa kawaida kwa wiki moja. Nenda siku kadhaa mapema, kwa sababu usiku wa kuamkia siku ya skii saizi za watoto zimekwisha. Ukinunua vya mtumba mtandaoni, kosa la kawaida ni kununua skii kwa mtu mmoja na viatu kwa mwingine. Vifungo vya kushika kiatu kwenye skii vina mifumo tofauti, NNN na ile ya zamani ya SNS, na kiatu cha huku hakiingii kule. Nunua vyote pamoja, jaribu kukifunga kiatu palepale.

Kwa mtu mzima, skii za mtindo wa zamani huzidi urefu wako kwa sentimita 15 hadi 20 hivi, lakini kinachoamua ni uzito. Ikiwa ngumu mno kwako, sehemu ya katikati haiigusi theluji na utateleza kurudi nyuma. Ikiwa laini mno, inaburuta. Fimbo ziwe fupi kuliko wewe kwa sentimita 25 hadi 30 hivi. Na kama hutaki ugomvi wa nta, tafuta zenye ukanda wa manyoya chini ya kiatu. Wenyeji watakutania kidogo, ila utafika.

Mtoto akijiunga na klabu, usiulize ameshika namba ngapi. Chini ya miaka 11 hakuna jedwali la matokeo, na hilo ni sharti. Wewe utakachoulizwa ni zamu ya dugnad, yaani kazi ya kujitolea: kuuza keki za waffle, kusimama njiani na kibendera.

Kwenda kutazama ni rahisi. Panda treni ya jiji ya Oslo, njia namba 1, ushuke Holmenkollen kwa uwanja wenyewe wa skii, au endelea hadi mwisho, Frognerseteren, uingie msituni ambako watu husimama bure kando ya njia, wamewasha moto wa kuni na kuchoma soseji. Vaa sufu ndani, wala si pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Kisha beba kile kigodoro kidogo cha kukalia. Wageni hukikalia tu; ukisimama muda mrefu, simama juu yake. Baridi inayokushinda huanzia chini ya nyayo.

Na mechi za nyumbani? Majira ya baridi Oslo iko nyuma kwa saa mbili, ya joto kwa saa moja. Mechi ya saa 11 jioni Dar, Februari ni saa 9 alasiri kwako, Mei ni saa 10. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na ile ya Oktoba ndiyo Jumapili ambayo watu huwasha simu wakakuta kipindi cha pili kimeshaanza. AFCON ya 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Omba likizo mapema, kwa sababu katikati ya mwaka ofisi nzima ya Kinorwei nayo inakimbilia vibandani kwake milimani na pwani, na anayeandika jina mwisho ndiye anayebaki kupokea simu.