Daftari la babu, halua, na ile mechi ya Faza

Haya, mradi bado upo hai, msinicheke. Nilisema nitamaliza kabla ya Ramadhani na saa hizi tuko mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, nami niko ukurasa wa arobaini na kitu. Kwa ufupi naandika historia ya timu yetu ya mpira hapa Amu (Lamu), upande wa Langoni, na nilichonacho mkononi ni daftari moja la marehemu babu aliyekuwa mweka hazina. Limekaa sandukuni miaka na miaka, mende wamekula pembe zote. Jina la timu sijaliandika bado kwa sababu wazee watatu wamenipa majina mawili na kila mmoja anaapa.

Shida ya kwanza ni mwandiko. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi wa hapa, na irabu hakuweka. Mimi chuoni, kwenye Kurani, nimezoea fat-ha na kasra zote ziko mahali pake, hapa nikawa kama kipofu. Be yake ni b, ni p, ni mb, chagua mwenyewe. Wiki nzima nilijua timu iliuza bata magunia mawili, nikawa nawaza bata wanakaaje kwenye gunia, kumbe ni mbata, nazi kavu! Walikuwa wakiuza mbata wapate pesa ya gozi, yaani mpira. Kuna pahali pengine pameandikwa mechi na "Jela" tukashinda 4-1, mdogo wangu akauliza wafungwa walitolewaje kucheza. Ni askari jela, si wafungwa, ile ngome yetu ambayo leo ni makumbusho ilikuwa jela mpaka 1984 na askari wake walikuwa na timu. Wazee wanasema walikuwa wazito lakini ukigongana nao utakumbuka.

Tarehe nazo zilinitesa halafu zikanisaidia. Zote ni za Hijria. Mwanzo nilikuwa nikiona 1387 naandika 1967 basi yameisha, nikaja kushtukia mwaka ule ulianza Aprili 1967 ukaenda kwisha mwisho wa Machi 1968, kwa hiyo mechi za mfungo mosi, mfungo pili na mfungo tatu zote ni za 1968. Nikafuta ekseli nzima nikaanza upya, usiku mzima huo, na stima ikapotea katikati.

Lakini uzuri wa tarehe ya mwezi ni kwamba inakwambia maji. Nilipopanga safari zote za Faza, kule kisiwa cha Pate, nikaona zinaangukia 14, 15, 16, au 29, 1 na 2, hakuna hata moja ya tarehe 8 wala 22. Mwanzo nilidhani ni bahati. Ami mmoja aliyekuwa winga wa timu (nampa jina la Ami tu, yuko hai na ana wajukuu wanaojua kutumia simu) akanicheka sana. Kwenda Faza ni upite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na wakati ule Mkanda hupiti mpaka maji yajae. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa alfajiri, yanakupwa, yanajaa tena jioni. Kwa hiyo mnaswali alfajiri mnapanda mashua, mnafika, mnacheza, mnakula kwa watu, na jioni mnarudi na maji. Siku za maji mafu, kama tarehe 8 na 22, yatajaa saa nne asubuhi na saa nne usiku, sasa mtacheza saa ngapi na mtarudi saa ngapi? Yaani ratiba ya timu ilipangwa na mwezi. Hata boti zilipopata mashine, ukifika Mkanda maji yamekwisha ulikuwa unashuka kusukuma.

Kitu kingine kilichonichanganya ni neno "nahodha". Kila baada ya kurasa mbili tatu, "nahodha shilingi 5", "nahodha shilingi 3". Nikasema aa, kapteni wa timu alikuwa akilipwa kumbe, hawa watu walikuwa maprofeshono kabla ya wakati wao! Nikakumbuka kwamba Feisal ya Mombasa ilichukua ligi ya Kenya 1965, ligi yenyewe ikiwa imeanza 1963 tu, nikasema labda na huku Amu joto lilifika watu wakaanza kudai chao. Nimeandika aya nzima juu ya hilo. Aya nzuri sana. Nimeifuta, mtaona kwa nini.

Sasa mechi yenyewe. Mfungo mosi 1387, tarehe 15, ugenini Faza. Matokeo: mbili, kistari, tatu. Na hapo ndipo pana mambo. Maandishi ya Kiarabu unaanza kulia, lakini babu mara anatanguliza sisi, mara anatanguliza wenyeji, sijaona kanuni yake. Halafu tarakimu ya 2 na ya 3 za Kiarabu zinatofautiana jino moja tu, na mende amepita hapohapo. Kwa hiyo tulishinda 3-2, au tulifungwa 3-2, au ni droo ya 2-2.

Ami hana shaka hata chembe. Tulishinda, na la tatu ni lake, kwa kichwa, dakika za mwisho. Gozi la zamani lilikuwa na kamba ya kufungia, ukilipiga na ile kamba linakuchana. Akainamisha kichwa akanishika kidole akanipeleka mpaka kwenye nywele za mbele, pana kovu kama punje ya mchele. "Hilo hapo goli la Faza, ndoo ulipige picha."

Nikaenda nyumbani nikafikiria hesabu. Babu alikuwa na mazoea: timu ikishinda inanunuliwa halua na kahawa, ikitoka droo ni kahawa tupu, ikifungwa hakuna kitu. Nimehesabu mechi 11 ambazo matokeo yanasomeka vizuri, zote ziko hivyohivyo. Nikafungua ule ukurasa wa Faza. Mashua, ndimu, mkate wa mofa. Baada ya hapo peupe. Hata kahawa hakuna.

Nilikaa siku nne sijui nimwambieje. Mwishowe nikampelekea daftari, akavaa miwani, akalisoma kama anasoma gazeti (mimi ule ukurasa ulinichukua jioni mbili) akanyamaza. Halafu akasema, "Halua? Mwanangu, siku ile refa alichelewa, tumetoka Faza maji yashaanza kutoka, tukakwama Mkanda tukalala humo na mbu mpaka alfajiri. Tumefika Amu watu wanaenda kazini. Nani alikuwa na hamu ya halua?"

Nikasema haya, mzee anajitetea. Lakini akafungua ukurasa wa pili, tarehe 16, akaweka kidole kwenye mstari nilioupita zaidi ya mara kumi: "nahodha, shilingi 5 zaidi". Nahodha wa mashua! Kalipwa kwa kulala na watu.

Kwa hiyo kulala Mkanda kumethibitika, aya yangu ya maprofeshono imekufa, na matokeo bado sina. Kwenye ekseli nimeweka 3-2 na alama ya kuuliza ya rangi nyekundu. Bamvua ijayo naenda Faza kutafuta kama kuna mzee wa kule aliyeweka daftari lao. Ami anasema tutakwenda sote, na ameniapisha nisimuulize mtu wa Faza swali lolote mpaka yeye awe ameketi.