Pindo la kanga ndo lilonifunza kuchora ngoma

Mie nimechora ngoma miezi na miezi, na wachezaji wangu wote wanatoka kama watu wanaosubiri daladala Darajani. Kichwa kipo, vidole vitano vipo, ila mtu hachezi. Nikidhani mkono wangu bado, kumbe nachora vitu vingi mno.

Mchoraji Kandinsky mwaka 1926 alichukua picha nne za Gret Palucca, mchezaji densi wa Ujerumani, zilizopigwa na Charlotte Rudolph, akazigeuza mistari mitupu, tao hapa, mstari ulonyooka pale, basi, na ukiangalia unamuona mtu yuko hewani. Nikasema na mie nitajaribu. Shida ni hizo picha, maana harusini wanawake wakishajiachia, ukinyanyua simu tu unatolewa nje na yule yule aliekuleta.

Kwa hiyo kwenye harusi moja Mwembetanga nikakaa pembeni ya sanduku la kidumbak (muziki wetu wa harusini Unguja) na buku la skuli na peni, penseli niliiacha makusudi, nikiwa na raba nafuta, na nikifuta namkosa mtu. Karatasi za mwanzo takataka tupu. Halafu akaingia mama mkubwa wangu kajifunga kibwebwe, na jamani, juu katulia tuli, ungemtwika glasi ya maji isingemwagika, kazi yote iko kiunoni, na hicho kiuno chenyewe sikioni, ninachokiona ni pindo la kanga tu. Linapanda kulia, linakatika, linashuka kushoto. Nikaacha kabisa kuangalia karatasi, jicho kwenye pindo, peni inafata. Mstari wa pindo, mstari wa mgongo toka shingoni, kinukta cha kisigino. Uso sikuchora (na bora, maana hata buku likiokotwa hajulikani mtu).

Kosa nililorudia sana ni kuufunga mstari, ukikutanisha mwanzo na mwisho unapata chungu. Siku hizi nauwacha wazi kule anakoelekea. Na ule mguu uliobeba uzito nakandamiza peni, kwengine napitisha tu.

Kesho yake nikampelekea mama mkubwa. Kaigeuza juu chini, "Nini hii?" Nikamwambia, ndo wewe hiyo. Kimya. Kaiangalia tena, kakifata kile kisigino cha kulia kwa kidole.

"We mwana, hili goti langu la kushoto kwamba bovu, nani kakwambia?"